Mara ya saba

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: kwa nini wanawake huvutwa na wanaume wenye kiburi, hila na roho ngumu, huku wapole wakiachwa? Hapa mtaani kwetu Mwanga jibu lake nimelisikia vijiweni na hata kwenye chumba cha walimu: ndivyo walivyoumbwa, sayansi imeshathibitisha. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma. Somo langu linapotumiwa kumtwisha msichana lawama ya kupigwa kwake, siwezi kunyamaza. Tena mdogo wangu aliishi na mwanamume wa aina hiyo miaka sita.

Siku ya kwanza kuonana naye ilikuwa Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika. Alituagizia migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo, akamtania mama mpaka mama akacheka huku ameshika mbavu. Alivaa shati jeupe, pasi yake imesimama mikononi kama makali ya kisu. Binti aliyetuhudumia akaleta pilipili, akasahau ndimu. Yule bwana hakupaza sauti. Alimshika kifundo cha mkono, akamtazama usoni, akatabasamu, akamuuliza taratibu, "Wewe hapa umeajiriwa kufanya nini?" Hakumwachia mpaka binti alipojibu. Mezani tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Wanasaikolojia wana jina la tabia hizi. Mwaka 2002 Delroy Paulhus na Kevin Williams, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, waliziweka pamoja tatu, wakaziita utatu wa giza: kujiona kupita kiasi, hila za kuwatumia watu kama ngazi, na ukavu wa moyo usiojua majuto. Hawakuwa wakizungumzia vichaa wala wafungwa. Ni tabia ambazo watu wa kawaida wanazo, huyu kidogo, yule zimemjaa.

Msemo wa vijiweni ulizaliwa na tafiti zilizofuata. Peter Jonason na wenzake, mwaka 2009, walikuta wanaume waliojaa tabia hizo wakitaja wapenzi wengi zaidi wa kupita. Mwaka 2014 huko Uingereza, wasichana 128 wa chuo kikuu walipewa kusoma maelezo ya mwanamume wa kubuni, na yule mwenye utatu huo akapewa alama nyingi za mvuto kuliko wa kawaida. Juu ya hayo watu huongeza hoja ya mwanabaiolojia Robert Trivers ya mwaka 1972, kwamba anayebeba mimba na kunyonyesha ana mengi ya kupoteza, kwa hiyo huchagua kwa makini. Basi, wanahitimisha, amechagua dume lenye ujasiri na mbegu kali.

Lakini wale wasichana 128 walisoma karatasi. Karatasi haikagui simu yako, haikufungii mlango usiku.

Paulhus huyohuyo, mwaka 1998, aliwakutanisha wanafunzi wasiojuana katika vikundi vidogo, mara saba. Mara ya kwanza wale wenye kujikweza walionekana wachangamfu, wenye uwezo, watu wa kupendeza. Ilipofika mara ya saba, wenzao walewale waliwaona wenye majigambo na uadui. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani wakachunguza mvuto huo wa siku ya kwanza unatoka wapi, wakakuta ni mavazi nadhifu, uso wenye bashasha, mwendo wa kujiamini, mizaha. Na walioelekea zaidi kuwatumia wenzao ndio waliopendwa zaidi walipoonekana mara ya kwanza. Niliposoma hapo nililikumbuka lile shati jeupe, nikafunga kompyuta, nikatoka nje.

Kwa hiyo nasema kinachomvuta msichana ni kujiamini na bashasha, vitu vizuri ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuvipenda, na mtu mbaya huvivaa vizuri kuliko sisi wengine kwa sababu hana aibu wala wasiwasi wa kumuumiza mtu. Ubaya wenyewe uko chini ya nguo, unahitaji muda kuonekana. Mwaka 1989 David Buss alichapisha majibu ya watu zaidi ya 10,000 kutoka makundi 37 duniani, Zambia ikiwemo, jirani zetu wa ziwa hilihili. Wanaume kwa wanawake waliweka wema wa moyo na akili juu ya kipato na juu ya sura.

Sasa nije nyumbani, maana hoja ya "maumbile" hupenda kuegemea kwa sokwe, na sokwe wenyewe ni wetu. Unapanda boti Kibirizi, unashuka hifadhi ya Gombe, mahali ambapo mtafiti Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwafuatilia sokwe mmoja mmoja kwa jina. Kumbukumbu hizo za miaka mingi, zikiunganishwa na vipimo vya vinasaba, ndizo Joseph Feldblum na wenzake walizotumia mwaka 2014. Walikuta dume aliyezoea kumshambulia jike alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzaa naye, hasa akiwa dume wa cheo cha juu.

Hapo ndipo watu hushangilia: mnaona! Naomba wasome tena. Watafiti wenyewe wameliita jambo hilo kulazimisha. Hakuna walipoandika kwamba jike alivutiwa. Jike amepigwa leo, amepigwa mwezi uliopita wakati hata hayuko tayari kupandwa, ameshajifunza kukataa kunalipwa nini. Ukihesabu watoto wake halafu ukasema alimpenda baba yao, umeruka hatua nzima, na hatua hiyo ndiyo yote. Mtihani wa kidato cha nne wenye jibu kama hilo ningeupa sifuri.

Gombe hiyohiyo ina habari nyingine isiyosimuliwa. Frodo, dume la kilo 51, alitawala kwa ubabe, na wengine ndio waliomchambua manyoya, jambo ambalo sokwe hufanyiana kujenga urafiki, zaidi ya yeye kuwachambua. Wilkie alikuwa na kilo 37 tu, naye pia akawa dume kiongozi. Cheo alikitunza kwa kuketi na wenzake, madume kwa majike, akiwachambua manyoya bila kuchoka. Nikisimulia darasani, wavulana hutaka kujua Frodo alimng'ata nani. Wilkie hawamuulizi, na hilo huniumiza kila mwaka.

Mtaniuliza mbona mdogo wangu alikaa miaka sita ikiwa muda huufichua ubaya. Donald Dutton na Susan Painter waliwachunguza wanawake waliotoka kwenye ndoa na mahusiano ya kipigo, wakaona kwamba mateso yanayochanganyika na upole, bila mtu kujua leo ni zamu ya kipi, huikaza kamba badala ya kuilegeza. Kwetu ilikuwa kofi Jumanne, kitenge Alhamisi. Siku moja alikuja kwangu na hicho kitenge, akaketi kwenye kigoda jikoni, anakikunjua, anakikunja, anakikunjua tena. Akasema, "Dada, wewe humjui akiwa mzuri." Sikuwa na la kumjibu. Nilimjua akiwa mzuri. Nilikula samaki wake.

Wazee wetu walikuwa na mshenga. Barua ya posa ilikaa, shangazi akatumwa kule anakotoka kijana kuuliza: anaongeaje na mama yake, vibarua wake anawalipa kwa wakati? Mengi ya utaratibu ule sitaki yarudi, kwa sababu wasichana waliozwa bila kuulizwa. Ule muda tu ndio naulilia. Siku hizi mtu anafahamika kwenye simu Ijumaa, na mwezi haujaisha mabegi yameshahama.

Nanyi wapole mnaolalamika kwamba mnaachwa, msiende kujifunza ukorofi. Msichana akikutazama, mtazame, sema neno lako lisikike.

Mdogo wangu alirudi nyumbani na watoto wawili na begi moja. Huu ni mwaka wa tatu. Kuna fundi wa boti hapo Kibirizi ameonyesha nia. Nilimsimulia mdogo wangu habari ya ile mikutano saba, akakaa kimya siku mbili, kisha akamwambia yule fundi asilete barua kwanza. Aje nyumbani mara saba. Ameshafika mara tano. Mara ya tano hakumkuta, akakaa barazani na mama wakichambua maharage mpaka giza likaingia. Mama alimwambia ameacha changarawe. Akaurudia ungo wote.