Usikubali kuambiwa kadi ya Wi-Fi imekufa kabla hujapima

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Laptopu yake inaonyesha imeunganishwa na Wi-Fi, alama ya mawimbi imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Simu zinapata intaneti vizuri. Fundi kamwambia kadi imekufa, anunue nyingine.

Ujumbe huo uliniuma, maana niliwahi kuambiwa vivyo hivyo, na kadi ile ile ndiyo ninayoitumia kuandika makala haya. Kadi iliyokufa haioni hata jina la mtandao mmoja! Yangu iliyaona yote. Nikafungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, na anwani iliyotokea ilianza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe inapoiomba ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, anwani ikakosa jibu. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kutumia simu. Idadi ya anwani za kugawa ilikuwa imewekewa kikomo kidogo, na simu na runinga zilishazichukua zote. Nikaongeza kikomo, nikaandika ipconfig /renew ili kompyuta iombe anwani upya, kurasa zikafunguka. Sikununua chochote, na hadi leo najivunia jambo hilo.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na ipconfig. Ukiona 169.254, shughulika na ugawaji wa anwani. Ukiona anwani ya kawaida, tuseme inayoanza na 192.168, soma mstari wa Default Gateway; hiyo ndiyo ruta. Ipigie ping, yaani andika ping na anwani hiyo uone kama inajibu. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Nayo ikijibu huku kurasa hazifunguki, mara nyingi DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ndiyo yenye hitilafu: weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama seva ya DNS kwenye mipangilio ya mtandao ujaribu tena.

Ruta ikijibu kwa kusuasua, sogea karibu nayo kwanza. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko 5 GHz, ila hujaa haraka, na microwave inapowaka huyavuruga. Ndani ya 2.4 GHz kuna njia ndogo ziitwazo chaneli; chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Chagua ambayo majirani hawajaijaza.

Jamani, tusiwe watu wa kuzima na kuwasha ruta kutwa nzima tukitumaini itajirekebisha, wala tusitoe hela kwa sababu mtu ametamka neno kadi kwa sauti ya uhakika. Mwombe akuonyeshe kipimo alichofanya. Nawe uliyeniandikia, nitumie anwani uliyoiona na majibu ya ping zote mbili, hata kama kurasa zitakuwa zimeshafunguka.