Tumbo Likichafuka, Figo Ndizo Hulipa

*Shikamoo daktari. Farasi wangu wa kubeba watalii hapa Diani tangu alfajiri analala na kuamka, anageuka kutazama ubavu. Akisimama anajinyoosha kama anataka kukojoa, lakini hakitoki kitu. Wenzangu wanasema ni figo, nimpe dawa ya kukojoza.*

Marahaba. Hiyo dawa iache. Farasi anayejinyoosha hivyo huku akitazama ubavu mara nyingi anaumwa utumbo, na dawa ya kukojoza itazidi kumkausha maji ambayo tayari ni haba. Mwite daktari sasa, si jioni. Wakati unamsubiri, inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: wekundu ukichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, damu haizunguki vizuri. Usimnyweshe kitu kwa chupa. Farasi hawezi kutapika, na kinachokwenda njia siyo huingia mapafuni.

Kwa kuwa mko ufukweni, chukua mavi yake, yakoroge kwenye ndoo ya maji, uyaache yatulie. Mchanga ukijaa chini ya ndoo, ujue anaumeza pamoja na majani; umeshajua pa kuanzia, na majani asilishwe tena chini.

*Farasi wetu ameharisha sana. Vipimo vya damu vinaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, iko juu, na mwenye farasi ameambiwa figo zimekufa. Ndiyo basi? (Mtunza farasi, Nairobi)*

Si lazima, na maneno hayo yametoka mapema mno. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hivi kwa siku, na siku ya joto au ya kazi huzidi hapo. Akiharisha, maji hayo humwagika nyuma, damu inapungua, na figo zikipata damu kidogo hushindwa kutoa taka hata kama zenyewe ni nzima.

Muulize daktari swali moja tu: mkojo uliochukuliwa kabla ya dripu ulikuwa na uzito gani ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000? Ukiwa zaidi ya 1.025, figo bado zinabana maji, yaani zinafanya kazi. Ukiwa kati ya 1.008 na 1.014 ilhali mnyama amekauka, hapo kuna uharibifu. Kisha damu ipimwe tena baada ya siku moja au mbili za dripu. Kreatinini ikishuka, tulia. Dripu ikiendelea kuingia na mkojo hautoki, au akianza kuvimba chini ya tumbo, daktari aambiwe usiku huohuo.

*Nimempiga sindano ya fluniksini, maumivu hayakuisha, nikaongeza fenilbutazoni. Kuna ubaya?*

Upo, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu dawa hizi huuzwa dukani kama karanga. Mwili ukikosa maji, figo hujilinda kwa kemikali zinazoacha mishipa yake wazi ili damu iendelee kupita. Dawa hizi mbili hutuliza maumivu kwa kuzima kemikali hizohizo. Kwa farasi aliyeshiba maji, dozi moja sahihi kwa kawaida haina neno. Kwa aliyekauka, sehemu ya ndani kabisa ya figo inaweza kufa kwa kukosa damu. Kuzichanganya hakuongezi nafuu kama watu wanavyodhani. Kinachoongezeka ni sumu. Tena hutoboa vidonda kwenye utumbo mpana, naye akaanza kuharisha upya, akakauka zaidi, mwenyewe akarudi dukani kununua nyingine.

Jentamisini nayo iwekwe kundi hilo. Ni dawa nzuri ya bakteria, lakini hujilimbikiza kwenye figo. Maji kwanza, jentamisini baadaye.

Na maumivu yasiyokubali sindano ya kwanza ni habari kwa daktari: huenda utumbo umejisokota na unahitaji upasuaji. Ukiyafunika kwa sindano ya pili, unapoteza saa zilizobaki.

*Mkojo wa farasi wangu ni mzito, wa njano, kama una chokaa. Ni ugonjwa?*

La. Mkojo wa farasi una kalisi na ute mwingi, hivyo huwa hivyo. Ukibadilika kuwa mwekundu baada ya kukaa chini, nao usikutishe. Ukitoka mwilini tayari una rangi ya kahawa, huo ni wa dharura.

*Punda wangu hapa Lamu hajala tangu juzi. Halii, hagaragari, amesimama tu. Naweza kungoja?*

Usingoje, ndugu yangu. Punda huvumilia kiu na maumivu hadi mtu humdhania mzima. Huenda amekula mifuko ya plastiki ikamziba. Akikaa bila kula, hasa akiwa mnene au ana mimba, mafuta hufurika kwenye damu yake na kuharibu ini na figo, na akifika hapo ni vigumu kumrudisha. Mpeleke leo hospitali ya punda hapo mjini. Kama ana punda mwenzake, wapeleke pamoja. Punda aliyetenganishwa na rafiki yake hususia chakula kabisa.