Maswali na Majibu: Injini Kubwa, Akseli Ndogo

Fundi, Toyota Corolla DX yangu niliifunga injini ya 1JZ (ya Toyota, silinda sita) yenye tabo. Hafushafti (fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu) ya nyuma kushoto imekatika mara ya pili. Fundi wa karakana ya jirani anasema ataichomelea iwe ngumu kuliko ya kiwandani. Nimwachie? – Buruburu

Usimwachie. Hafushafti hupikwa kiwandani ikapata ngozi ngumu na moyo unaovumilia kusokotwa. Moto wa kuchomelea unaharibu kazi hiyo yote, na kando ya kovu chuma hubaki kikavu, tayari kuvunjika. Tena kwenye akseli ya DX hafushafti haizungushi gurudumu tu, ndiyo inayolishikilia. Ikikatika karibu na beringi, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na ngoma ya breki. Fikiria hilo likikupata Thika Road, matatu ikiwa ubavuni.

Hebu piga hesabu. 1JZ ya tabo ya toleo la kwanza hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 363 ikiwa bado ya kiwandani. Gia ya kwanza huizidisha zaidi ya mara 3, difu (gia za katikati ya akseli ya nyuma) karibu mara 4. Hiyo ni zaidi ya Nm 4,000, kwenye akseli iliyoundiwa injini ndogo ya lita 1.3! Dawa ni shafti nene zaidi, ya chuma kilichopikwa. Kutoka milimita 25 hadi 28 unaongeza nguvu kwa takriban asilimia 40, kwa milimita 3 tu.

Kabla hujatupa kipande kilichokatika, kitazame juani. Ukiona mistari myembamba iliyofuatana kama pete za gogo, ufa ulianza zamani ukawa unakua polepole. Ukiona chembechembe zinazong'aa uso mzima, ilizidiwa kwa mkupuo mmoja. Kisha chomoa ile ya kulia uangalie meno yake ya mwisho. Yakiwa yamejipinda hata kidogo, nayo imekwisha.

Nataka difu ya Hilux. Nichunge nini nikienda kwa wauza spea wa Kirinyaga Road? – Umoja

Chaguo zuri, hasa ile yenye krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) ya inchi 8. Nenda na futi ya kupimia. Akseli ya Hilux ni pana kuliko ya gari dogo, kwa hiyo haozingi (ganda la akseli) itakatwa na shafti zifupishwe, na hapo ndipo wengi wanaumia: shafti nyingi hupungua unene katikati, ukiikata hakuna chuma cha kutosha kuchonga meno mapya. Afadhali uagize mpya kwa urefu wako. Nati za gurudumu nazo hazilingani, DX ina 4 na Hilux ina 5 au 6. Hesabu meno ya krauni uyagawanye kwa ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha: 41 kwa 10 ni 4.1. Ukichukua difu ya mzigo yenye namba kubwa zaidi, injini italia kwa RPM (mizunguko kwa dakika) ya juu ukiwa bado kilomita 80 kwa saa.

Je, naweza kuchomelea bamba chini ya haozingi isipinde? – Kariobangi

Unaweza, na ni kazi nzuri ikifanywa kwa subira. Toa mafuta, shafti, oilsili na difu yenyewe. Waya wa ethi ufunge karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi. Chomelea vipande vifupi vya sentimita 3 hivi, upande huu kisha ule, uache vipoe vyenyewe. Usimwagie maji kamwe. Ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo, bomba linavutwa na kupinda, na kila oilsili utakayoweka itavuja. Mwishowe pitisha fito iliyonyooka kutoka mwisho hadi mwisho ndipo urudishe vitu.

Difu iliyochomelewa gia za ndani, magurudumu yote mawili yazunguke sawa, inafaa kwa gari la kwenda kazini? – Rongai

Hapana. Kwenye raundabauti gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu ikifungwa, tairi zinaburuzwa na shafti zinasokotwa kila kona. Tafuta LSD, difu inayobana kiasi bila kufunga kabisa, na uitie mafuta ya gia ya daraja la GL-5 yanayoifaa.

Datsun 1200 pikapu yangu ikiondoka kwa nguvu, nyuma inadundadunda. Ni shokabsoba? – Kawangware

Mara nyingi si shokabsoba. Springi zako za vyuma bapa zinajikunja, pua ya difu inainuka, kisha zinajirudisha kwa kishindo, na kila kishindo kinapiga hafushafti na krauni. Anza na bushi za springi na boliti za U, ni rahisi na huenda zimelegea. Zikiwa sawa, funga fito moja kila upande kutoka kwenye akseli hadi kwenye chesisi mbele, yenye bushi pande zote mbili, ili akseli isipate nafasi ya kujizungusha. Usiongeze nguvu ya injini kabla dundo hilo halijaisha.