Shemeji Anadai Shamba, Mila Inamdai Nini?

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa watu wanaojitolea kutetea haki katika vijiji vyao, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nimezifupisha bila kubadili hoja, na majina ya waandishi nimeyahifadhi kwa sababu mashauri wanayoyaeleza bado yanaendelea.

Swali kutoka Rungwe

Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Tuko watu tisa tuliopata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, na tunafanya kazi hii bila malipo. Mwaka jana tulimsaidia mama mjane ambaye shemeji zake walitaka kumwondoa kwenye shamba la migomba na kahawa alilolilima na marehemu mumewe kwa miaka 19. Tangu hapo, tukifika msibani baadhi ya wazee wanatupa kisogo, na mmoja alisema mbele ya watu kwamba tunaleta haki za Wazungu ili kuvunja mila za Wanyakyusa. Mimi ni Mnyakyusa na mila zangu nazipenda. Je, mtu anaweza kutetea haki na mila kwa pamoja, au lazima achague?

Jibu

Ndaga fijo, Mwalimu, kwa barua yako, na kwa kazi mnayoifanya. Huna haja ya kuchagua. Ninachokuomba ni kwamba, kabla ya kuwatajia wazee kifungu chochote cha sheria, uwaulize kwa heshima mila wanayoitaja inamtaka shemeji afanye nini.

Desturi ya zamani ya Wanyakyusa ilimpa ndugu wa marehemu nafasi ya mbele katika urithi, mara nyingi hata kabla ya mtoto wa kiume, kwa hiyo wazee wako hawakulizua jambo hilo. Lakini nafasi ile ilikuja na mzigo wake: aliyerithi ng'ombe alirithi pia wajibu wa kuwatunza wajane, kuwalea watoto wa marehemu na kuwatolea mahari vijana walipofika umri wa kuoa. Shemeji wa leo anayetaka shamba lipimwe na liuzwe, huku mama na watoto wakirudishwa kwa wazazi wa mama, ameshika nusu ya mila inayompa na kuiacha nusu inayomdai.

Niliwahi kukaa katika kikao cha ukoo cha namna hiyo, chini ya mparachichi, manyunyu ya Rungwe yakitulowesha polepole bila mtu kuondoka. Shemeji mkubwa alizungumza muda mrefu juu ya damu na ukoo. Mjane hakusema neno. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa daftari la shule lililolegea jalada, ambamo yeye na marehemu walikuwa wameandika kila debe la kahawa waliloliuza na kila kibarua waliyemlipa, mwandiko wake ukipishana na wa mumewe ukurasa hadi ukurasa. Msaidizi mmoja wa kisheria, mama wa makamo, akamwuliza shemeji kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini kabisa, ada na sare za watoto wale wanne muhula ujao zitatoka kwa nani. Swali lile lilikaa pale katikati yetu. Kikao kikaahirishwa, na kilipokutana tena ni wazee wenyewe waliompendekeza mjane awe msimamizi wa mirathi.

Sheria, hata hivyo, lazima muijue, na sitakuficha kwamba yenyewe ina mikunjo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa upande mwingine, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoweka katika maandishi sheria za mila za urithi kwa wilaya nyingi, lilisema kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na wakwe zao walifikisha malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliitaka nchi yetu irekebishe sheria za namna hiyo.

Ndiyo maana msaidizi mzoefu haanzi na urithi. Huanza kwa kuuliza shamba lilipatikanaje. Kama mume na mke walilinunua au walilifyeka na kulipanda pamoja, basi si lote la marehemu, na jasho la mama haliingii katika kugawanywa kana kwamba naye alizikwa. Likishafahamika hilo, ndipo familia ikae, iandike muhtasari wa kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue. Waelezeni wazi kwamba msimamizi si mrithi. Yeye hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia wanaostahili, na anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Nimeona mashamba mengi yakipotea kwa sababu tu watu walidhani kuteuliwa ni kupewa.

Kuhusu neno la haki za Wazungu, mwambieni mzee yule kwa adabu kwamba usawa wa binadamu umo katika ibara ya 12 na ya 13 ya Katiba yetu, na kwamba sura ile ya haki iliingizwa na Bunge letu wenyewe mwaka 1984. Mkumbusheni pia jambo ambalo huenda alisimuliwa na babu yake: Wanyakyusa wa zamani hawakuishi kwa koo. Vijana wa rika moja waliondoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakaishi kwa ule utu wa kukaa, kula na kuzungumza na majirani ambao Kinyakyusa kinauita ukwangala. Ardhi ilipobanana vijiji vya rika vikaisha, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo Wanyakyusa wameisha. Mila ni ya wote wanaoiishi, mjane akiwamo, na yeye ana neno lake juu ya namna itakavyoendelea.

Msiache kwenda misibani. Chukueni kuni, chukueni ndizi, kaeni mpaka mwisho kama majirani wengine, hata kama kuna anayewatupia kisogo. Mwendeeni na Malafyale, yaani chifu, wa eneo lenu mapema, kabla ya shauri lingine kuzuka. Sheria ya mwaka 1963 iliwaondolea machifu mamlaka ya kiserikali, lakini neno lao bado linasikika katika vikao vya ukoo ambavyo ninyi pengine hamtaalikwa.

Swali kutoka Mufindi

Kamwene. Binti wa miaka 16 kutoka kijijini kwetu alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani na amerudi akiwa mjamzito. Familia ya mwanamume imeleta fedha, na wazee wa pande zote mbili wanataka kikundi chetu cha kujitolea kisaini kama mashahidi kwamba mambo yamemalizwa nyumbani, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya Wahehe. Tusaini?

Jibu

Kamwene, mama. Msisaini.

Binti aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kutoa ridhaa nje ya ndoa, na kosa hilo ni kubaka, ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Ninyi husuluhisha mipaka ya mashamba, ugomvi wa majirani na matunzo ya watoto, hili halisuluhishwi. Lipelekeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni simu namba 116, ambayo ni ya bure. Na lile jina la Wahehe lisichafuliwe: kumaliza shauri hadharani ni jambo moja, na bahasha inayopitishwa usiku ni jingine, kwa kuwa inanunua ukimya wa mtoto. Msindikizeni binti kliniki, msimwache aende peke yake. Kama aliacha shule, mwambieni kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani.

Swali kutoka Mbarali

Nina miaka 24. Huku kwetu Usangu wapo Wasangu, Wahehe, Wabena, Wasukuma na Wamang'ati, na Rujewa wapo pia Wabaluchi. Kikundi chetu kinaandaa siku ya utamaduni yenye ngoma na vyakula vya makabila yote, lakini mwenzetu mmoja Msukuma amekataa kushiriki. Anasema mwaka uliopita alicheza bugobogobo, ngoma yao ya majembe, akapigiwa makofi, na wiki iliyofuata kwenye mkutano wa kijiji akaitwa mvamizi. Tufanyeje?

Jibu

Mdogo wangu, huyo mwenzenu amewapa ushauri bora kuliko huu wangu, na ningefurahi kama mngeanza kwa kumwomba radhi. Jembe la bugobogobo linapendeza likirushwa uwanjani, lakini yeye anataka kusikilizwa mnapozungumza juu ya maji na malisho, mambo ambayo ndiyo yanayowagombanisha wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde lenu kwa miaka mingi, hasa tangu mifugo ilipoamriwa kuondoka mwaka 2006.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi popote katika nchi hii. Haimpi mtu haki ya kuingiza ng'ombe kwenye mpunga wa mwenzake, na hilo nalo semeni waziwazi, kwa sababu mkulima aliyeamka akakuta jaruba lake limekanyagwa ana uchungu wa haki kabisa. Mahali pa kulimaliza ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotungwa chini ya sheria ya mwaka 2007 na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, bila kuulizwa kabila. Kazi ya kikundi chenu ni kuhakikisha kwamba wafugaji wanapata taarifa ya mkutano kwa lugha wanayoielewa, na kwamba wanawake wao wanakuja pia, maana wengi hawafiki kabisa.

Ngoma fanyeni, lakini ifuate mkutano badala ya kuutangulia. Na kabla ya yote, nendeni kwa mtendaji mkazitazame kumbukumbu za vikao vilivyopita. Katika kijiji kimoja cha bonde hilo niliona karatasi ya mahudhurio iliyochorwa safu mbili kwa rula, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni, na katika safu ya wageni kulikuwa na jina la kijana aliyezaliwa palepale kijijini, ambaye mama yake pia alizaliwa palepale. Kama karatasi yenu ina safu mbili, mwombeni mtendaji kwa heshima aichore upya ikiwa na safu moja, na mwenzenu Msukuma awe pamoja nanyi mnapokwenda kuomba.