Mwanangu, mshahara ndio unaolinda mwisho wa hadithi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma, nikampa baba yako naye akaisoma, kisha akanirudishia bila neno, kama unavyomjua. Unauliza kama uache ajira, uishi kwa kuandika hadithi za kutisha na kujichapishia mwenyewe. Unasema hesabu umeshapiga: Amazon inampa mwandishi asilimia 70 ya bei ya kitabu pepe, na hakuna mchapishaji atakayekupa mrabaha wa namna hiyo.

Ni kweli, ila soma na masharti. Asilimia 70 ni kwa kitabu kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kwa wanunuzi wa nchi zilizoorodheshwa tu. Nje ya hapo unapata 35. Ukikiingiza katika mpango wao wa wasomaji wanaolipa ada ya mwezi, unafungwa siku 90 usikiuze kielektroniki mahali pengine, na tangu 2015 malipo ya mpango huo huhesabiwa kwa kurasa zilizosomwa. Hilo la kurasa lifikirie vizuri. Hadithi ya kutisha mara nyingi hufanya kazi yake ikiwa fupi, inaingia, inakata, inatoka. Hesabu ya kurasa inakutaka uirefushe. Na kabla hujaiona asilimia yoyote kuna mhariri, msoma prufu na msanii wa jalada, na hao hulipwa kitabu kiuzike kisiuzike.

Hayo ungeyapata bila mimi. Nataka kukusimulia kitu ambacho hukukiuliza.

Unaukumbuka muhula ule uliochelewa kurudi shule. Tulikwambia mambo ya ada yanashughulikiwa, na kweli yalikuwa yanashughulikiwa, ila sikukueleza yote. Baba yako alikuwa ameachishwa kazi. Mimi nilikuwa bado masjala, nikiandika alfajiri kabla hamjaamka, na mswada wa ile sauti ya ukutani ulikuwa umekubaliwa na mchapishaji mmoja. Mkataba ulikuwa mezani, pamoja na malipo ya awali ambayo yangelipa ada yako na chenji kubaki. Sharti lilikuwa moja: nibadilishe mwisho. Walitaka sura ya mwisho ieleze kwamba sauti haikuwepo, kwamba yule mama anayeisikia alikuwa mgonjwa wa akili, daktari aje amchukue na nyumba itulie. Mhariri wao alisema msomaji anahitaji kujua. Nikamwambia msomaji akishajua, analala. Akatabasamu, akawageukia wenzake, akasema hizi ni hadithi za kutishia watoto na wao wanajaribu kuzipandisha hadhi.

Miaka imepita, na nikiiandika sentensi hiyo mkono bado unakakamaa. Kutisha watu wazima ni kazi ngumu. Mtu mzima amejifunza kujieleza kila kitu: huo ni upepo, huyo ni paka, hiyo ni ndoto. Unamnyang'anya maelezo yake moja baada ya jingine, taratibu, bila yeye kujua, mpaka anabaki na kile alichokiogopa akiwa na miaka mitano. Mwisho ule ulikuwa kazi yangu yote. Ukishamwambia msomaji kwamba sauti ilikuwa ugonjwa, umemrudishia usingizi wake na umemfanya mgonjwa kuwa ndiye zimwi. Baada ya yale tuliyopitia na shangazi yako, jambo hilo nisingeliandika kwa ada ya shule yoyote.

Nikasema hapana. Niliweza kuisema kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na mshahara wangu, mdogo lakini wa uhakika. Ada ikalipwa kidogo kidogo, wewe ukarudi darasani wenzako wakiwa wameshatangulia, na kitabu nikaja kukitoa mwenyewe na mwisho wake uleule. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliniandikia kwamba alikitoa kitabu chumbani kwake akakiweka jikoni, kisha akashindwa kwenda jikoni. Barua yake ninayo kwenye ile bahasha ya vyeti vyenu.

Kwa hiyo nasema tena, na dada yako ananimalizia sentensi hii kila nikiianza: mshahara ndio unaolinda mwisho wa hadithi. Bram Stoker alipotoa riwaya ya kutisha ya Dracula mwaka 1897 alikuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum kule London, na barua na hesabu za ukumbi zilikuwa mikononi mwake. Stephen King aliandika riwaya ya Carrie, iliyotoka 1974, akiwa mwalimu wa shule. Aliacha kufundisha baada ya haki za toleo la jalada jepesi kuuzwa kwa dola 400,000, nusu ikiwa yake.

Najua utanijibu kwa Lovecraft, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekupa umsome. Ajira ya kudumu hakuwa nayo. Aliishi kwa kusahihisha na kuandika upya kazi za wengine, akafa maskini mwaka 1937, na viumbe alivyovibuni bado vinazaa hadithi hadi leo. Hapo hoja yangu inayumba, na siwezi kuificha. Tena kuna linaloniuma zaidi ya hilo. Zipo riwaya ninazozijua mwanzo hadi mwisho ambazo sijaziandika, kwa sababu saa mbili asubuhi masjala ilikuwa inanisubiri. Mshahara uliulinda mwisho wa kitabu kimoja ukala mianzo ya vingine. Nikiamka usiku hufikiria hivyo. Kisha nawafikiria wenzangu walioacha ajira na kujichapishia: asubuhi matangazo, mchana barua pepe kwa wasomaji na mabishano na msanii juu ya jalada lisiloonekana vizuri kwenye simu, jioni kupanga kurasa. Kuandika kunapewa saa iliyobaki, na kitabu kipya lazima kitoke upesi maana cha zamani kimeshashuka. Wapo wanaoimudu, na wameandika vitabu vilivyonitisha. Wapo pia ambao katika vitabu vyao nasikia kodi ya nyumba ikigonga nyuma ya kila sura, na kitu kinachotisha kinatoka kabatini kwenye ukurasa wa pili kwa sababu mwandishi hakuwa na muda wa kukiacha humo.

Unataka niseme acha au usiache. Ulimi unaniwasha, na baba yako analijua hilo. Alipofungua mdomo hatimaye alisema nisikuamulie, nami nimemwahidi. Basi nakuuliza swali tu. Siku mtu atakapokuja na hela pamoja na sharti, nani atakayeilipia hapana yako? Kwangu mlilipia ninyi, na wewe kuliko wote. Kama jibu ni akiba, niambie ni ya miezi mingapi. Kama jibu ni sisi, liseme wazi. Tutalizungumza, na sitakasirika.

Kuhusu sura ya tatu uliyoambatanisha: yule anayebisha hodi anabisha mapema mno. Mama wa watoto bado anaosha vyombo, taa zote zinawaka, na mimi msomaji sijapata hata sababu ya kutaka mlango ubaki umefungwa. Mcheleweshe. Ile aya ya kivuli cha ngazi iache kama ilivyo, usiiguse hata neno. Nirudishie sura hiyo ikiwa tayari, na barua ya kuacha kazi, kama umeshaiandika, usiipeleke kabla hujanijibu swali langu.

Mama yako