Jibu: Hamira ya bia inakufa kwenye friza

Mambo mkuu, nimekusoma. Unachota hamira iliyotuama chini ndani ya ndoo ya bia, unaitia kichupani, unaiweka friza hivyo hivyo, miezi 4 baadaye ukiitoa haiamki. Cheki kwanza kama ulitia gliserini, maana bila hiyo maji yakiganda yanafanya vipande vya barafu vinavyochana seli, na hapo hata uilee vipi ndo basi tena.

Mimi nanunua gliserini tupu ya duka la dawa isiyo na manukato, nachanganya na maji nusu kwa nusu, naichemsha ndani ya presha kuka dakika 15, ikipoa kabisa naitia kwenye hamira nzito kiasi sawa, kwa hiyo gliserini inabaki kama 25% hivi. Kichupa usikijaze hadi juu, na kilale friji siku moja au mbili kabla ya friza.

Halafu friza yako ni ile isiyojaza barafu? Hizo zinajipasha zenyewe kila mara kuyeyusha barafu, na hamira haipendi kabisa huko kupanda na kushuka. Vyangu nimevitia kwenye kiboksi cha foam kilichozungushiwa pakiti za barafu.

Siku ya kuitumia usiimwage moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20 tafadhali! Anza na maji ya kimea mepesi ml 50, ikitoa povu ongeza hadi nusu lita, kisha lita 2. Inuse kabla hujaendelea: ikinukia kama unga wa mkate ulioumuka sawa, ikinuka siki mwaga. Yangu ya miezi 14 iliamka siku ya pili, zaidi ya hapo sijawahi kuweka.