Mwalimu wa Jiografia na Kona za Montgomery

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mwanamke gani ambaye vitabu vimempita, na ungependa vijana wetu wamjue? Jina lililonijia si la kwetu, lakini sikuweza kuliacha. Ni Thelma Glass, aliyekuwa profesa wa jiografia katika chuo cha Wamarekani Weusi cha Alabama State, mjini Montgomery, kusini mwa Marekani. Nimemchagua kwa sababu ya somo lake, ambalo ni langu pia.

Nafundisha jiografia sekondari, huu ni mwaka wa 17. Haupiti mwaka bila mwanafunzi kuniuliza, "Mwalimu, hili somo litanisaidia nini?" Anayeuliza huwa hana utundu wowote, anataka kujua kweli. Zamani nilikuwa namjibu kwa kilimo, hali ya hewa na upimaji wa ardhi. Siku hizi namsimulia habari za basi.

Thelma McWilliams, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa bandari wa Mobile, jimbo la Alabama. Alimaliza sekondari ana miaka 15, akiwa wa kwanza darasani. Shahada ya kwanza aliipata Alabama State mwaka 1941, na mwaka 1947 akapata shahada ya uzamili ya jiografia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ukiisoma haraka, hii ni orodha ya vyeti tu. Lakini chukua ramani, pima. Toka Montgomery hadi New York ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Chuo kikuu cha jimbo lake mwenyewe kilikuwa palepale Alabama, kikiendeshwa kwa kodi za watu wote, weusi wakiwemo, na mtu mweusi hakuruhusiwa kusoma humo. Mweusi wa kwanza kuingia darasani katika chuo hicho, Autherine Lucy, aliingia Februari 1956, na siku ya tatu ya masomo makundi ya watu yakafanya fujo hadi uongozi ukamwondoa yeye, si wenye fujo. Hiyo ni miaka tisa baada ya Thelma Glass kumaliza Columbia. Kwa hiyo hata kabla hajafundisha kipindi kimoja cha chuo kikuu, alikwishajua kwa miguu yake kwamba umbali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Shule inaweza kuwa karibu na nyumbani kwako na bado ikawa mbali kuliko New York.

Alirudi kufundisha Alabama State. Mwaka 1946 mkuu wa idara ya Kiingereza chuoni hapo, Mary Fair Burks, alikuwa ameanzisha chama kilichoitwa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Wengi wa wanachama walikuwa walimu, wa chuo na wa shule za mjini. Walihimiza watu wajiandikishe kupiga kura, wakawasaidia na ile mitihani ya kusoma na kuandika iliyowekwa makusudi kuwazuia weusi. Mwaka 1950 uongozi ukashikwa na Jo Ann Robinson, naye mwalimu wa Kiingereza, na shabaha yao kubwa ikawa mabasi ya mji. Thelma Glass alikuwa katibu. Kilipokua, chama kiligawanywa katika matawi matatu, kila tawi na upande wake wa mji. Mimi nikisoma hilo, naona mkono wa watu wanaoujua mji mtaa kwa mtaa.

Sasa njoo kwenye basi lenyewe. Basi la Montgomery lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya wazungu, hata kama hakuna mzungu ndani na mama mweusi amesimama na mzigo mkononi. Vya katikati mweusi angeweza kukaa, ila wazungu wakiongezeka dereva anamwinua. Nauli ililipwa mlango wa mbele, kisha mweusi alitakiwa kushuka, kuzunguka nje na kupanda kwa mlango wa nyuma. Mara nyingine dereva aliondoka kabla hajaufikia, na nauli yake imebaki ndani. Na hao weusi ndio waliokuwa takriban robo tatu ya abiria wote. Kampuni iliishi kwa nauli zao.

Habari ya viti wengi mmeisikia. Ambayo haisikiki sana ni habari ya kona, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende mwanamke huyu. Katika mitaa ya wazungu basi lilisimama kila kona. Katika mitaa ya weusi lilisimama kona moja, likaruka moja. Hakuna aliyehitaji kubandika kibao cha "weusi hawaruhusiwi" kwenye kona iliyorukwa. Ungeweza kukaa mjini mwaka mzima ukaiona hiyo kuwa ratiba tu. Lakini fikiria mpishi anayetoka kwenye nyumba ya tajiri saa moja usiku, miguu imevimba, kapu la nguo za kufua kichwani, mvua ya Desemba. Basi linampitisha kona yake, linamshusha ya mbele, anarudi kwa miguu. Kesho hivyo hivyo. Zidisha mara siku za kazi katika mwaka, zidisha mara maelfu ya wanawake. Hilo ni hesabu ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili analiweza, na jibu lake linapatikana kwa ramani na rula.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kuchora njia ya daladala kutoka shuleni hadi kwao na kutia alama kila kituo. Binti mmoja aliniletea ramani yenye alama za rangi mbili. Nilipomuuliza, akasema, "Hizi nyekundu ni zile ambazo asubuhi makonda hawatuchukui tukiwa na sare." Nilikaa kimya. Sisemi mambo haya mawili yanalingana. Konda anayekimbia nauli ndogo ya mwanafunzi hajaandikiwa sheria ya ubaguzi wa rangi, na mtoto wangu huyu habebi mzigo waliobeba watu wa Alabama. Ila yule binti alikuwa amefanya kazi ya jiografia bila kuambiwa. Alionyesha kwamba barabara ni moja, kituo ni kimoja, na bado watu wawili waliosimama hapo hawako mahali pamoja.

Wanawake wa Montgomery walilifikisha jambo la kona mbele ya wakuu wa mji. Tarehe 21 Mei 1954, Robinson alimwandikia meya W. A. Gayle kwa niaba ya chama, akikumbusha madai yao. Yalikuwa matatu. Weusi wakae kuanzia nyuma na wazungu kuanzia mbele hadi viti viishe, mtu asilipe mbele na kupandia nyuma, na mabasi yasimame kila kona katika mitaa ya weusi kama yanavyosimama kwa wazungu. Barua ilisema pia, kwa adabu ya mwalimu, kwamba vyama zaidi ya 25 vilikuwa vikizungumza juu ya kususia mabasi. Huo ni mwaka mmoja na nusu kabla Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Montgomery, hajakamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Kwa hiyo ukisimuliwa kwamba mama mmoja alichoka, akakataa kuinuka na mji mzima ukalipuka, jua kuna kurasa zimechanwa.

Parks alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Usiku huohuo Robinson aliingia chuoni na mwalimu mwenzake mwenye funguo, pamoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kudurufu. Sisi walimu wa zamani tunaijua kazi hiyo, na stensili zake, na wino unaokaa vidoleni siku mbili. Walitoa vipeperushi kwa makumi ya maelfu, vikiwaomba watu wasipande basi Jumatatu. Alfajiri wakapanga njia za kuvisambaza, shule ipi, duka lipi, saluni ipi, nani apokee. Hawakuanzia sifuri, kwa sababu viongozi wa chama walikuwa wamekwishajadili siku nyingi kabla vipeperushi vya namna hiyo vitapita wapi na vipi. Thelma Glass alikuwa mmoja wa waliovigawa. Jumatatu tarehe 5 mabasi yakapita karibu matupu, na jioni, katika kanisa la Baptisti la Holt Street, umati ukakubali kuendelea. Mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King, akachaguliwa kuongoza.

Jina la Glass halikuonekana popote, na hilo lina sababu. Chuo chao kiliishi kwa fedha za serikali ya jimbo, na serikali ya jimbo ndiyo iliyokuwa inapingwa. Jina la mwalimu likionekana kwenye karatasi, si yeye tu atakayefukuzwa, chuo kizima kingenyimwa fungu. Wakakubali kazi ionekane na wao wasionekane. Nikifikiria walimu wanawake niliowafahamu, waliopanga harusi, misiba na mahafali ya watu halafu wakasimama nyuma wakati wa picha, hili silioni geni, na linaniuma.

Mgomo ulidumu siku 381. Watu wapatao 40,000 walihitaji kufika kazini kila siku bila basi. Mwanzoni teksi za weusi ziliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka wakuu wa mji wakazibana kwa sheria ya nauli ya chini. Ndipo ukapangwa mtandao wa magari ya kujitolea. Watu waliketi na ramani ya mji, wakisaidiwa na wafanyakazi weusi wa posta walioijua kila nyumba, wakachagua vituo zaidi ya 40 vya kuchukulia watu asubuhi na vingine zaidi ya 40 vya kuwarudisha jioni. Magari yalifika 300 hivi. Glass naye aliwabeba watu kwa gari. Kampuni ya mabasi ilichukua miaka kuweka njia zake. Hawa walichora zao ndani ya siku chache, na safari hii hakuna mtaa ulioachwa nyuma kwa sababu ya rangi ya wakazi wake. Siku nikifundisha mada ya uchukuzi, mfano wangu wa kwanza ni huu.

Machi 1956 King alipofikishwa mahakamani kwa kosa la kuongoza mgomo, Thelma Glass alitoka mafichoni. Alisimama kizimbani kama shahidi wa utetezi, akaeleza jinsi wanawake walivyokwenda kwa wakuu wa mji mara kwa mara kabla ya mgomo. Mtumishi wa chuo cha serikali, akisema chini ya kiapo, mbele ya hakimu wa serikali hiyohiyo. Kwangu hiyo ndiyo siku kubwa kabisa katika maisha yake, na sijaiona hata mara moja kwenye mabango ya kuadhimisha mgomo ule.

Novemba 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ni kinyume cha katiba, na tarehe 21 Desemba watu wakapanda basi kwa mlango wa mbele. Ila malipo ya walimu hayakuwa yamekwisha. Mwaka 1960, baada ya wanafunzi wa chuo hicho kufanya mgomo wa kuketi katika mgahawa wa wazungu, gavana wa Alabama alikibana chuo. Mwanahistoria Lawrence Reddick akafukuzwa. Robinson na Burks wakaondoka mwaka huohuo. Glass alibaki. Wapo watakaoona aliyeondoka ndiye shujaa, mimi namheshimu na aliyebaki. Darasa lililoachwa na walimu wake bora lilikuwa bado na watoto ndani, na alilifundisha hadi alipostaafu mwaka 1981. Alifariki mwaka 2012, akiwa na miaka 96. Chuoni upo ukumbi wa mihadhara wenye jina lake, ndani ya jengo lililopewa jina la Trenholm, mkuu wa chuo wa enzi zile za mashine ya kudurufu.

Kama ningempata hata kwa nusu saa, nisingemuuliza habari za King. Ningemuuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwalimu mwenzake: Jumatatu ile ya Desemba, mama, ulipotoka barabarani ukafika darasani, ukakuta wanafunzi nao wamekuja kwa miguu na viatu vimejaa vumbi, ulifundisha mada gani?